Nilichomwambia Kogo Kuhusu Sponji

Mwalimu wenu wa mashine ndogo alinipigia simu akasema anatafuta mstaafu wa kuwaandikia wanafunzi wake. Nikamwambia nina miaka thelathini na tatu. Akasema hiyo haimsumbui, kwa sababu hapa Mogogosiek mtu akiweka spana chini watu husema amestaafu, hata kama bado ana meno yote. Basi haya ni maneno ya mstaafu ambaye shangazi zake bado wanamuuliza ataolewa lini.

Hii ni mara ya tano naandika. Ya kwanza niliichana kwa sababu neno "plagi" lilijirudia mara nne katika mistari miwili. Nyingine tatu nilizichana kwa sababu niliwafundisha kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo ndilo lililonitoa kazini. Safari hii nitaliandika, hata likija limepinda.

Kwa miaka tisa nilitengeneza mashine za kupruni chai, yaani kuipogoa, katika duka la Bosi Rotich, hapa kituoni. Duka liliuza mabati, misumari, chumvi ya ng'ombe na, mbele kabisa, mashine za bluu. Kampuni yenyewe ilikuwa Nairobi. Sisi tulikuwa ajenti wake. Mashine hizo mnazijua: injini ndogo, mti mrefu wa chuma, kisu cha mviringo mbele. Kabla hazijaja, mtu alipruni kwa panga, na baada ya wiki mbili mkono haukuweza kushika hata kijiko.

Sikusomea kazi hii kama nyinyi. Nilianza na pampu ya baba ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, iliyogoma asubuhi moja ng'ombe wakiwa wamepanga foleni. Niliifungua, nikapanga vipande juu ya gunia kwa mstari, nikauchora mstari huo kwenye daftari. Nilipoirudisha ilifanya kazi, baba akafurahi, lakini mimi nilibaki na springi moja ndogo mkononi. Pampu ilidumu miaka mingine mitatu bila springi hiyo. Aliyeumia ni mimi. Kila baba alipoibeba mgongoni nilisimama mbali, nikingoja imlipukie. Springi bado ninayo.

Hayo mengine nilijifunza kwa video za simu, na kwa Mzee Mogaka. Mzee Mogaka alitoka Kisii akiwa kijana kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, akaishia karakana ya huko, na alipostaafu Bosi Rotich akamleta dukani. Yeye alistaafu kweli, kisha akafanya kazi kuliko sisi wote. Siku yangu ya kwanza alinikuta na kitabu cha kampuni.

"Kinasemaje hicho?"

"Kinasema mtetemo usizidi kiwango, Mzee."

"Na mashine yenyewe inasemaje?"

Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini iliyokuwa ikinguruma, na mpini akaukandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Kisha akanipa nami nifanye vivyo hivyo.

"Hiyo inayosaga kama ng'ombe anacheua ni bearing," akasema. "Hiyo nyingine ni wewe unatetemeka."

Fanyeni hivyo. Hakuna chombo cha bei kubwa kitakachowaambia zaidi ya bisibisi ndefu na mfupa wa kichwa. Na plagi mkiitoa, itazameni kabla ya kuipangusa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na imelowa, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, injini inaungua na mwenyewe hajui. Utomvu wa chai ukikauka kwenye kisu hautoki kwa kukwaruza. Uoshe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Na mtu akimaliza msimu, amwage petroli yote iliyobaki kwenye tangi. Wateja wengi walikuwa wakiiacha humo miezi, halafu wanashangaa mashine inakohoa. Mzee Mogaka alikuwa na hotuba yake kwa watu hao.

"Nyinyi watu wa maziwa mnanisumbua," aliwaambia. "Petroli si maziwa ya mursik. Ukiiweka haiivi. Inaoza."

Walicheka, wakaenda, wakaiacha tena.

Sasa niwaambie jinsi nilivyomjua Kogo Rael.

Kogo maana yake ni nyanya, na alikuwa nyanya wa watu wengi huko Kimulot, karibu na msitu. Alikuwa na wenzake watano waliopruni mashamba ya watu, na yeye, licha ya magoti yake mabovu, ndiye aliyeshika mashine. Alinunua ya bluu kwetu, nikaifunga kisu mwenyewe, akaondoka. Nilipokuwa naosha mikono nikajiuliza: ile nati ya kisu niliikaza? Niliikaza. Nilijua niliikaza. Nikakunywa chai, nikauza misumari, nikajiuliza tena. Saa nane nikapanda boda hadi Kimulot.

Nilimkuta uani anachambua mboga. Nikamweleza nilichofuata. Nikaweka spana kwenye nati, na nati haikusogea hata kidogo.

"Ilikuwa imekazwa?" akauliza.

"Ilikuwa imekazwa, Kogo."

Akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Hata daktari wa Longisa hajawahi kunifuata nyumbani kuniuliza kama dawa nilimeza. Kaa chini, msichana wa mashine."

Hakunipa chai. Chai hupewa mgeni. Alitoa sotet, kile kibuyu cha maziwa, akakitikisa, akanimiminia mursik kwenye kikombe cha bati kilichopoteza rangi, kikombe cha wajukuu. Mursik ile ilikuwa nzito, yenye madoa ya kijivu ya mkaa, na ilinifika mpaka magotini. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda Kimulot nilipita kwake, na kikombe kilikuwa kile kile. Naye akaanza kuwaambia watu kanisani wanunue bluu. Walikuja dukani bila kujua jina la kampuni. Walisema, "Tunataka zile za msichana anayefuata watu nyumbani."

Hilo nawaomba mliweke akilini. Kampuni ilidhani wanapenda rangi yake. Ilichapisha kofia za bluu na mwavuli wa bluu. Watu wa Kimulot walivaa kofia kwa sababu ya jua.

Siku ile ya kwanza, kabla sijaondoka, Kogo aligeuza mashine akaonyesha kifuniko cha pembeni.

"Na hii sponji ni ya nini?"

"Ni ya kuchuja hewa, Kogo. Ndiyo pua ya mashine. Vumbi likipita hapo, injini imekwisha. Uitoe kila jioni uioshe."

"Naiosha namna gani?"

Jibu la kitabu lilikuwa hili: maji ya vuguvugu na sabuni, ukamue bila kusokota, uanike kivulini, utie matone machache ya oili. Nililijua kwa moyo. Lakini nilikuwa nimelewa mursik na kupendwa, nikataka kusema kitu atakachokikumbuka. Ukutani kulikuwa na sotet nne zimening'inia, safi, zinang'aa.

"Itunze kama unavyotunza sotet," nikasema. "Ioshe vile vile."

Akaitikia kwa kichwa. "Hiyo naelewa."

Miezi mitano baadaye alikuja dukani na mashine begani. Ilikuwa inawaka kwa shida na haina nguvu. Alipoiweka kwenye meza yangu alisema kwa fahari ya mtu aliyeshika masharti.

"Sponji yako nimeiosha kila jioni, sijaruka hata moja. Naisugua kwanza na sosiot, halafu natia mkaa wa senetwet mpaka inukie."

Sosiot ni kijiti chenye nywele cha kusugulia ndani ya kibuyu. Na mkaa wa mti wa senetwet, kila mtoto wa kwetu anajua, hupakwa ndani ya sotet ili maziwa yasiharibike. Nilifungua kifuniko. Sponji ilikuwa nyeusi, laini, na ilinukia kama jikoni kwa mama. Nilipofungua injini, pistoni ilikuwa na mikwaruzo kutoka juu hadi chini. Unga ule wa mkaa ulikuwa umepita kidogo kidogo, jioni baada ya jioni, kwa uaminifu kabisa.

Nilimwambia aiache, nitaandika fomu ya waranti, mashine ilikuwa bado ndani ya mwaka. Akaenda zake bila wasiwasi.

Fomu hizo mtakutana nazo. Ile yetu ilikuwa na sehemu ya chanzo cha uharibifu, na chini yake swali: je, mteja alielekezwa vizuri jinsi ya kutunza mashine? Ukiweka alama kwenye Hapana, mteja anapewa injini mpya na kosa linaandikwa kwa ajenti. Ukiweka kwenye Ndiyo, kosa ni la mteja na habari imeisha.

Wakati huo tulikuwa na meneja wa kanda, mtu mwenye pikapu nyeupe na sauti ya upole. Kila mtu dukani alijua anataka kuutoa uajenti kwetu aupeleke Kericho mjini, kwa rafiki yake mwenye jengo la vioo. Alitafuta sababu. Na mimi alikuwa amenisifu mbele ya watu. Alishika fomu zangu juu akasema, "Huyu msichana hana makosa." Mnaweza kucheka, lakini maneno hayo niliyatunza kama cheti, kwa sababu cheti kingine sikuwa nacho.

Nikaandika: mtumiaji ametia unga wa mkaa kwenye chujio la hewa. Nikaweka alama kwenye Ndiyo.

Mzee Mogaka alisoma juu ya bega langu.

"Umeandika alichofanya."

"Ndiyo, Mzee."

"Na ulichosema wewe kiko wapi?"

Nilikuwa nimemsimulia habari ya sotet siku niliyorudi kutoka Kimulot, tena nikijisifu. "Mzee, wakiona kosa ni letu, watatunyang'anya uajenti. Wewe na mimi tutaenda wapi?"

"Watatunyang'anya hata ukiandika kwa wino wa dhahabu. Hayo walishamaliza juu ya nyama choma, si juu ya fomu." Akarudi kwenye meza yake. Bila kugeuka akasema, "Yule mama anakuamini."

Nilikuwa na siku mbili kabla fomu haijachukuliwa. Niliitoa kwenye bahasha mara sita kuhakikisha tahajia.

Jibu lilirudi vile lilivyopaswa kurudi. Kogo alikuja, nikamsomea. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Wanasema ni mkaa?"

"Ndiyo, Kogo."

"Na wewe unaonaje?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana, mtu angeweza kupita na ng'ombe. Nikasema, "Ni mkaa, Kogo."

"Haya," akasema. Akaweka mashine begani akaenda. Hakugombana. Laiti angegombana.

Hakurudi tena dukani. Miezi michache baadaye tukasikia amenunua mashine nyekundu, zile zilizoletwa sokoni na jamaa mmoja bila karatasi yoyote. Jamaa huyo hakuwa na waranti, lakini alikuwa na vipuri kwenye mkebe wa majani ya chai na boda yake mwenyewe, ukimpigia anafika. Kogo alipohama, Kimulot nzima ilimfuata. Niliona kofia za bluu chini ya mashine nyekundu.

Na uajenti ulienda Kericho. Mzee Mogaka alikuwa amesema kweli, fomu yangu haikuokoa kitu. Yeye alirudi kwao Kisii kwenye migomba yake. Mimi meneja alinichukua niende na uajenti, kwa sababu sikuwa na makosa. Nilikaa mwaka mmoja nyuma ya kioo, nikipokea watu waliotoka Longisa na Kimulot na mashine zimefungwa kwenye magunia. Niliwaambia waache mashine, jibu litatoka Nairobi. Mikono yangu ilikuwa safi siku zote. Mteja alilazimika kupoteza siku mbili za kazi ili adai haki yake ya waranti, na wengi wakaamua kuiacha. Meneja aliita hali hiyo kupungua kwa malalamiko. Siku moja mzee mmoja aliniuliza, "Wewe si ndiye ulikuwa unafuata watu?" Wiki hiyo niliacha kazi.

Sasa nachuma chai kwenye shamba la mama na kukamua ng'ombe wawili. Sijutii ng'ombe. Lakini msimu wa kupruni ukifika na zile sauti zikianza kupanda kutoka kila mteremko, najua bila kutazama ipi ni nyekundu na ipi ni bluu. Bluu zimebaki chache. Nikisikia moja, mikono inasimama juu ya majani, mama ananiuliza kama nimechomwa na siafu. Nakumbuka meza yangu yenye alama ya mduara wa kopo la grisi. Nakumbuka Mzee Mogaka akipuliza kabureta huku jicho moja amelifumba. Nakumbuka harufu ya petroli kwenye mkate wa saa nne. Kikombe kile cha bati nakikumbuka zaidi ya vyote hivyo.

Kila nikimpigia Mzee, tukimaliza habari za migomba, huniuliza neno moja tu. "Umeenda?" Nami husema, "Bado."

Mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie, nikachana karatasi nne, nikaona siwezi kuwashauri watu mambo ya wateja wakati mteja wangu mmoja yuko umbali wa nusu saa kwa boda. Jumapili iliyopita baada ya kanisa nikaenda Kimulot.

Kogo amezeeka. Alinitambua kwa sauti. Akanikaribisha ndani, kwenye viti vyenye vitambaa, akaleta thamosi ya chai, mkate, na kikombe cha maua chenye kisahani chake. Mashine ya bluu ilikuwa imetundikwa ukutani, upande ule ule wa sotet, imepanguswa vumbi. Nilishika kisahani kwa mikono miwili ili kisilie.

"Kogo, ile sponji. Mimi ndiye nilikwambia uioshe kama sotet."

"Najua. Si nilikuwa hapo?"

"Fomu ilikuwa inauliza kama nilikuelekeza vizuri. Nikasema ndiyo. Ningesema hapana, ungepewa injini mpya. Ni mimi niliandika kosa ni lako."

"Hiyo sikujua," akasema.

"Ulidhani ni nani?"

"Nilidhani ni mimi." Alivuta kitenge chake magotini akakinyoosha. "Nilisema, huyu msichana amesoma mashine, alimaanisha usafi, sasa mimi mzee mjinga nikatia mkaa kwenye injini. Kila mtu akiniuliza mbona niliacha bluu, nasema nyekundu ni nyepesi. Si nyepesi. Nilikuwa naona aibu kuja kwako. Ningekuja na uso gani?"

Miaka hiyo yote nilidhani amenikasirikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa na majibu yaliyopangwa kwa mstari kama vipande vya pampu juu ya gunia. Kwa hilo sikuwa na kipande hata kimoja. Nikasema tu, "Nisamehe, Kogo." Alinyanyuka akaenda jikoni, nikasikia vyombo, nikamaliza chai yangu yote ili nionekane nimeshiba na naweza kuondoka.

Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu.

"Maziwa iko kwa sotet niliweka juzi," akasema. "Haijaiva. Kuja Alhamisi."

Nilikuwa nimefika mlangoni alipoongeza, "Na ukuje na spana. Hiyo nyekundu imeanza kulia vibaya, na yule kijana siku hizi hashiki simu."

Leo ni Jumanne. Bisibisi ndefu nimeipata chini ya kitanda, kwenye mkebe mmoja na ile springi. Nimeipangusa mara mbili. Asubuhi nilimpigia Mzee Mogaka, na sikungoja tufike kwenye migomba.

"Mzee, nimeenda."

Nikasikia jogoo wake, na yeye akipumua.

"Amekupa nini?"

"Chai. Kwa kikombe cha wageni."

"Aah," akasema, polepole. "Pole."

"Mzee, amesema nirudi Alhamisi."